Nungunungu wa Henshir Ghzala

Bardo, Tunis
Jumapili, 29 Novemba 1998

Dada yangu mpenzi Munjia,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya kila anayelala chini ya paa lako. Mimi huku ni mzima, ila presha inapanda na kushuka kama ilivyozoea. Daktari amenikataza chumvi, pilipili ya harisa na hasira. Viwili vya kwanza nimeviacha. Vipi goti lako? Nasikia mvua imeanza mapema huko milimani, basi usikae kwenye udongo wa baridi asubuhi nzima kwa kisingizio cha kazi. Nisalimie bibi Zohra na majirani wote wa juu na wa chini. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atufikishe salama.

Barua yako niliipokea Jumanne. Umenigombeza kwamba mwaka wa tatu huu sijakanyaga kwako, na umesema kweli. Kisha ukafika kwenye haja yako. Ukasema kuna binti wa Tunis anayeitwa Siham, ambaye amekaa uani kwako majira mawili ya kuchipua akijifunza kukanda udongo na kufinyanga, na kwamba unampenda kama umemzaa. Ukasema amemaliza utafiti mkubwa juu ya magofu ya Henshir Ghzala, lakini kuna mzee fulani huku mjini amejilaza njiani kama nyumbu mgonjwa, hataki binti apewe udaktari wake. Ukaniagiza, kwa kuwa mimi ni mkubwa katika mambo ya Warumi, nimwendee mzee huyo niseme naye mpaka aone haya. Akikataa nikupe jina lake, uje mwenyewe na fimbo yako.

Jina lake nitakupa. Lakini kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana miaka yote hii umewaambia majirani kwamba ndugu yako ni mtu wa mawe, nami sikukusahihisha.

Sisi wanaakiolojia wa majimbo ya Rumi ni kundi la watu wadogo wenye vichwa vikubwa. Wa Misri wana dhahabu na wafalme; wakivimba, wana sababu. Sisi tumeachiwa kambi za askari, mifereji ya maji machafu, na nyumba za watu waliohamia mbali kwa sababu Rumi kwenyewe hawakuwa na lao. Kila baada ya miaka mitatu tunakusanyika katika mji fulani wa baridi, wa Uingereza na Ujerumani na Hungaria na sisi wa Tunisia, tunabishana siku nne juu ya ukingo wa bakuli. Nimewahi kumwona mtu wa miaka sabini akitokwa machozi mbele za watu kwa sababu mwenzake alisema taa yake ya mafuta si ya karne ya pili. Mtu mwenye wajukuu, dada. Usiku tunakula kwa gharama ya chuo cha wenyewe, na kila mmoja anamsifu mwenzake akimwombea aanguke.

Aliyenitia katika kazi hii ni Profesa Bressol, Mfaransa, Mungu amsamehe, maana mimi bado. Alikuwa na kofia nyeupe na fimbo. Sururu hakuwahi kuishika. Alichimba kwa kunyoosha fimbo, na vibarua wakatoa jasho. Maishani mwake alikuwa na wazo moja tu, na alikuja nalo kutoka kwao likiwa limeshaiva: kwamba Henshir Ghzala ulikuwa mji wa askari wastaafu wa Kirumi, ukajengwa na Warumi, ukakaliwa na Warumi, ukafa na Warumi. Wenyeji, yaani babu na bibi zetu, walikuwa juu mlimani na mbuzi wao, wakitazama. Kigae cha chombo cha Kirumi, chekundu cha kung'aa, kikitoka ardhini alikifuta kwa leso yake mwenyewe. Kigae cheusi cha chungu cha wenyeji, kilichofinyangwa kwa mkono, alikiangalia kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu.

Mwaka 1968, nikiwa mwanafunzi, tulifungua Nyumba ya Tausi, ile yenye sakafu ya vijiwe vya rangi ambayo sasa watalii wanaipiga picha na kuimwagia soda. Chini ya sakafu hiyo vikaanza kutoka vigae vya mkono, vyeusi, vizito. Si kimoja wala kumi, vikapu kwa vikapu. Bressol akanywea kama mpira uliotobolewa. Kama vigae vile vilikuwa vya zamani, basi ndani ya nyumba nzuri kuliko zote mjini walikuwamo wenyeji, na wazo lake la maisha lilikuwa limekwisha.

Mimi ndiye niliyemwokoa. Nilimweleza kwamba vigae hivyo ni vya juzi, ni vya wanawake wa mlimani, na kwamba nungunungu alichimba tundu chini ya sakafu na takataka za wachungaji zikaporomokea humo. Bressol alinikumbatia. Niliandika makala ya kurasa nane juu ya nungunungu huyo, na kwa kurasa hizo nane nilikwenda Ufaransa, nikapata shahada, nikaandika kitabu kikubwa, Mji Usio na Wenyeji, nikarudi nikapewa kiti cha mwalimu wangu.

Hutaamini jinsi mnyama yule alivyosafiri. Mjerumani mmoja alinifuata kwenye mkutano akaniambia kwamba baada ya kunisoma amegundua katika ngome yake mnyama kama nyegere. Wahispania wakapata sungura. Waingereza, ambao hawakubali kupitwa, wakapata fuko. Kila mwenye vigae vinavyomharibia wazo lake akatafuta mnyama wa kumsingizia, na chini ya ukurasa akaandika jina langu. Miaka thelathini, kutoka Uingereza mpaka Shamu, watu wenye miwani wamekuwa wakitupa jalalani vyombo vya jikoni vya mababu wa watu kwa heshima ya nungunungu wangu. Na hakuna hata mmoja, katika wote hao, aliyewahi kuja kuliona tundu.

Sasa huyo Siham wako. Nikwambie ukweli, mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza. Anavaa viatu vya kiume. Kucha zake zimejaa udongo hata akija ofisini kwa profesa. Anasema polepole kama anayehesabu hatua, na ukimkatiza ananyamaza, anangoja umalize, kisha anaendelea pale pale alipoachia, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wangu wa kiume aliyewahi kuthubutu. Niliwaambia wenzangu kwamba akili yake ni ya mkulima: ya kufaa, lakini haina mabawa. Wakacheka sana. Wao hucheka kila ninaposema, ndiyo kazi yao.

Basi binti huyo alifungua chumba cha pili cha Nyumba ya Tausi na kuinua sakafu ambayo Bressol hakuigusa. Akakuta vigae vilevile. Badala ya kunyamaza na kupata shahada yake kama watu wenye busara, aliandika sura nzima, sura ya nne, kurasa sitini na mbili, na swali lake lote ni moja: nungunungu yuko wapi? Amewahoji wawindaji. Amepima matundu. Ameandika kwamba nungunungu hukusanya mifupa shimoni mwake na kuitafuna, na kwamba hakuna mfupa hata mmoja uliotafunwa uliowahi kuonekana pale. Aliomba kibali vigae vipelekwe Ulaya kwenye maabara vipimwe umri. Kibali hicho hutiwa saini na mtu mmoja tu nchini, na mtu huyo hakutia saini. Ndipo binti akapanda milimani kutafuta mfinyanzi wa kumfundisha, ili ajue kwa mikono yake mwenyewe chungu cha wanawake wetu hutengenezwaje. Akafika kwako.

Umeshaelewa, dada. Hukuwahi kuwa mjinga. Mzee aliyejilaza njiani ni mimi.

Alitetea utafiti wake Alhamisi ya tarehe kumi na mbili. Jopo tulikuwa watatu: mimi mwenyekiti, Naceur Ladgham, ambaye amefundisha miaka ishirini bila kufungua kitabu kipya, na mama mmoja Mfaransa ambaye naamini alikuja kwa ajili ya jua. Ukumbi ulijaa. Siham akatandika leso nyeupe mezani, akaweka vigae viwili. Akasema kwa adabu kwamba kimoja amekitoa chini ya sakafu, chokaa ikiwa haijaguswa, na kingine ni cha chungu kilichovunjika mwaka huu uani kwa mwenyeji wake. Akatuomba, sisi mabingwa, tumwambie kipi ni kipi. Naceur akavigeuza kama anachagua tende sokoni, akakosea. Yule mama akakosea pia. Vikanifikia mimi.

Nilikijua kabla sijakishika vizuri. Wewe unafinyanga kwa mkono wa kushoto, na gumba lako la kushoto likibonyeza ukingo linaelemea upande. Mama alikupiga viganja mara ngapi kwa ajili ya hilo, asikuweze. Nilikaa pale nimeshika alama ya gumba la dada yangu, ukumbi mzima unanitazama.

Nikasema havitofautishiki. Kisha, kwa kuwa mimi ni hodari, nikaongeza kwamba ikiwa kigae cha sakafuni na kigae cha mwaka huu havitofautishiki, basi vyote viwili ni vya juzi, na binti ametuthibitishia mwenyewe kazi ya nungunungu. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Naceur akapiga meza akapayuka, “Umemmaliza, Lazhar! Binti, rudi ukamwombe nungunungu radhi, na ukiolewa naye utualike!” Tukaamua afute sura ya nne na jopo likae tena tarehe kumi na nne Desemba. Asipoifuta, miaka yake sita imekwenda bure na hatapata kazi popote katika nchi hii, kwa sababu ufunguo wa kila mlango wa kazi hiyo ninao mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Hapakuwa na nungunungu. Sikuona tundu, sikuona mwiba wake, sikuona kitu. Sakafu ilikuwa nzima. Niliipapasa kwa viganja kutoka ukuta hadi ukuta kabla hatujaiinua. Vigae vilikuwa vikapu arobaini na kimoja, na tangu kigae cha kwanza nilijua. Nilikivunja nikaona ndani ya udongo wake chembe za vigae vya kusagwa, kama alivyokuwa akivisaga Mama juu ya lile jiwe lake akituimbia. Nilijua pale pale, kabla ya wasomi wote wa dunia, kwamba mwanamke wa nyumba ile, mwenye tausi sakafuni, alikuwa akichemsha maziwa yake katika chungu kama cha mama yetu. Mji ule ulikuwa wetu. Warumi wake walikuwa sisi wenyewe, tumejifunga mashuka yao na kujipa majina yao. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote ambazo mtu wa kazi yangu angeweza kuomba, na ilinijia nikiwa na miaka ishirini na nne.

Wakati wa chakula cha mchana Bressol alinigeukia mbele ya wanafunzi wa Kifaransa, kumi na mmoja, akasema, “Lazhar, wewe ni mtoto wa huku, hebu tuambie, vitu gani hivi?” Wiki hiyo hiyo mmoja wao alikuwa ameniuliza nani alinifundisha kutumia uma. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba baba yangu ni mwalimu wa shule na kwamba nimekulia mjini. Kama ningesema kweli, swali la pili lingekuwa nimejuaje. Ningejibu nini? Kwamba mama yangu anafinyanga vyungu vile vile na kuvichoma kwa samadi, saa mbili tu kwa punda kutoka walipoketi? Na Bressol alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mwanafunzi Ufaransa. Basi nikasema nungunungu.

Baba Khmais, msimamizi wa vibarua, alinifuata pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, si vyungu vya mama zetu hivi?” Nikamwambia aache domo, amwage vikapu vyote mtoni. Akamwaga, kikapu baada ya kikapu. Mama alikufa miaka kumi na mitatu baadaye akiwaringia watu kwamba mwanawe anasoma maandishi ya wafalme. Hakuwahi kujua kwamba niliisoma kazi ya mikono yake vizuri kuliko chochote, nikaitupa.

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, dada, na kwa kweli wengi wao walistahili. Lakini yote niliyowasema humu, juu ya kofia ya Bressol na usingizi wa Naceur na fuko wa Waingereza, ni ya watu waliokosea kwa ujinga. Mimi sikukosea. Nilijua. Katika wote hao hakuna mchafu kama mimi, na kila nilipomcheka mmoja wao nilikuwa najificha nyuma ya kicheko hicho.

Jambo la mwisho. Siham alijua mimi ni nani. Picha yangu iko ukutani kwako juu ya redio, nami najua humalizi chai na mgeni bila kumwonyesha. Pale ukumbini angeweza kusema sentensi moja tu, kwamba mwenyekiti ni mwana wa Beya mfinyanzi, muulizeni yeye, na ningekwisha. Hakusema. Alifunga vigae vyake kwenye leso, akasema, “Asante, Profesa,” akatoka, akapanda basi kurudi kwako. Halafu ikaja barua yako. Wewe huandiki wala husomi, na wanao wote wako Italia. Mwandiko wa barua hiyo nimeupitia miaka minne katika madaftari yake ya machimbo, siwezi kuukosea. Ulimwambia aandike “mzee fulani,” naye akaandika “mzee fulani,” akaifunga bahasha, akaandika juu yake jina langu. Hakukwambia, ili usije ukaona aibu kwa ajili yangu.

Kwa hiyo najua ni nani anayekusomea haya sasa.

Siham, usisimame hapa. Kama uliruka mahali, rudi nyuma umsomee, pamoja na matusi niliyokutukana, viatu na kucha na mabawa, asikie ndugu yake anavyozungumza. Ndani ya bahasha mna ukurasa wa daftari langu wa tarehe 9 Septemba 1968. Umeandikwa kwa mkono wangu, wino umefifia lakini unasomeka: vikapu arobaini na kimoja, chini ya sakafu, sakafu nzima, haina tundu. Mwanaakiolojia hata awe mwongo wa namna gani, hachomi daftari la machimbo. Ndiyo imani pekee iliyonibakia. Tarehe kumi na nne uweke mezani mbele ya Naceur na mbele ya watu wote, uniulize mimi nungunungu yuko wapi. Nitajibu. Usinionee huruma kama ulivyonionea mara ya kwanza, maana ukinipa upenyo nitaponyoka tena, nimezoea. Sura ya nne usiifute hata nukta. Kibali cha maabara nimekitia saini, kimo humo humo.

Munjia, msamaha siuombi kwa barua. Nitakuja siku ya tatu ya Ramadhani, kama utaacha mlango wazi. Ukiufunga nitaelewa, nitageuza gari. Mpe Siham mkate wa moto na mafuta ya zeituni, amekonda, na asafiri na koti zito kwa sababu Tunis kuna upepo. Wasalimie waliokuuliza habari zangu, na wasioniulizia pia. Mungu akuhifadhie macho yako na mikono yako yote miwili.

Ni mimi nduguyo,
Lazhar, mwana wa Beya mfinyanzi